Kutoka Kiswahili Hadi Kiswahili

Naandika haya nikiwa na hasira, na tafadhali mtu asiniambie nitulie kwanza. Kuna mama mmoja wa Garbatulla aliyefiwa na mwanawe. Sauti ya huyo mwanawe ilikuwa kwangu, ndani ya filamu yangu, safi kabisa, akiimba. Mama alisafiri mpaka Isiolo kuisikiliza. Hakuipata jinsi ilivyokuwa, kwa sababu watu wawili waliokuwa wakinisaidia walikuwa wameshaiharibu, kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja akitabasamu. Afadhali wangekuwa wezi. Mwizi unampigia kelele, majirani wanatoka.

Lakini wacha nianze na kazi yenyewe, maana asiyeijua hii kazi hataona ni kitu gani kilipotea.

Mimi ni mwelekezi wa filamu za kutisha. Nimezaliwa Isiolo, naishi Isiolo, na filamu zangu zote nimezitengeneza huku bila kampuni, bila mfadhili, na bila baraka za shangazi yangu, ambaye kila akinisikia nikitaja jini husema astaghfirullahi na kuniuliza kama harusi za kurekodi zimeisha mjini. Hazijaisha. Harusi ndizo zinazonilisha. Jumamosi mimi ni mpiga video mwenye heshima zake, naletewa sahani ya pilau kabla ya ndugu wa bwana harusi. Jumatatu nikitoka na kamera ile ile kwenda kutafuta mahali pa kumficha fisi, ghafla mimi ni mwanamke aliyekosa la kufanya.

Filamu ya kwanza nilirekodi kwa simu. Ilikuwa ya fisi anayebisha hodi mlangoni kwa sauti ya mtu wa familia. Waigizaji wangu walikuwa muuza miraa, fundi cherehani, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja na fimbo yake kutoka darasani. Tuliionyesha kwenye shuka lililofungwa ukutani. Fisi alipoita jina la mwenye nyumba kwa sauti ya dada yake, watu walipiga mayowe, wakakimbia, halafu wakarudi wakisukumana na kucheka, wakitaka iwekwe tena kutoka mwanzo. Wallahi, sijawahi kuona raha kama ile. Watu wazima, wenye shida zao zote, wameogopa kitu ambacho hakiwezi kuwafanya lolote. Nikasema basi, hii ndiyo kazi yangu, shangazi atazoea.

Shangazi hajazoea.

Filamu ya pili ilihusu lori linaloingia soko la mifugo limejaa mbuzi, na kwenye usukani hakuna mtu. Hiyo niliipeleka Nairobi kwenye tamasha. Nikaketi mbele ya waamuzi, na mmoja wao, mama mpole sana, akaniuliza, "Na ujumbe wake ni nini?"

Nikamwambia lori halina dereva.

"Ndiyo, nimeona. Lakini dereva ni nani hasa? Ni uongozi? Ni wizi wa mifugo?"

"Dereva hayuko," nikasema. "Ndiyo maana inatisha."

Wakacheka kile kicheko cha kumwonea mtu huruma. Halafu wakanishauri kwamba, kwa vile natoka kaskazini, nifikirie kufanya kitu kuhusu amani, au ukame, au ndoa za mapema. Ala! Nani aliwaambia nimekosa hadithi? Mtu wa Nairobi akitengeneza filamu ya muuaji aliyejificha kwenye ghorofa anaambiwa ana kipaji. Mimi nikileta lori naulizwa kama dereva ni serikali. Kwani watu wa Isiolo hatuna ruhusa ya kuogopa tu? Lazima woga wetu uwe semina, tuogope kidogo, halafu tugawiwe soda na mandazi?

Hilo neno, ujumbe, limenifuata miaka yote kwenye hii kazi. Chifu ameniuliza ujumbe. Imamu ameniuliza, pasta ameniuliza, na mwenye duka la nguo niliyemwomba kanzu za kuazima aliniuliza kabla hata hajaniuliza nitazirudisha lini. Mwigizaji wangu bora wa kike aliacha kazi kwa sababu mumewe aliambiwa filamu isiyo na ujumbe huleta majini ndani ya nyumba. Sasa filamu ikiwa na ujumbe hayo majini yanakwenda wapi, yanakaa nje kwenye veranda? Nimechoka. Kutisha mtu ni kazi ngumu. Unapanga ni wakati gani asikie, ni wakati gani asisikie, unamnyamazia mpaka masikio yake yenyewe yaanze kutafuta. Ukikosea kidogo anacheka, na ukipatia hapumui. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo linafanywaje. Wanauliza ujumbe.

Basi filamu ya tatu ndiyo hii ninayoililia.

Garbatulla kuna visima vya kuchimbwa kwa mkono, virefu. Wakati wa kiangazi wanaume huingia ndani, mmoja chini ya mwingine, na kupitishiana ndoo za maji mpaka juu kwenye birika la kunyweshea mifugo. Wakipitisha, wanaimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, mikono inakwenda pamoja, na ng'ombe wakisikia wimbo wa mchungaji wao wanajua zamu yao imefika. Nimeusikia wimbo huo tangu utotoni kila tulipokwenda kwa ndugu za mama yangu. Na tangu utotoni kuna swali lilikuwa linanisumbua nikiwa kitandani: je, itakuwaje wote wakishapanda juu, na kule chini bado kuna anayeitikia?

Filamu nzima ni hiyo. Mchana kweupe, jua kali, hakuna giza hata chembe, kwa sababu taa sina, na pia kwa sababu woga wa mchana ndio mbaya zaidi, huna pa kuuwekea lawama. Wanaume wananywesha mifugo. Kazi inaisha, wanapanda, wanakaa kivulini. Mmoja wao anakunja kamba huku akiendelea kuimba kwa mazoea tu, na kutoka kisimani sauti inamwitikia. Anaacha kukunja kamba. Wanaangaliana. Wote wako juu. Kamera inasogea polepole mpaka kwenye mdomo wa kisima na kusimama hapo. Hakuna muziki, hakuna mtu anayesema neno. Ile sauti ya chini inaimba peke yake mpaka filamu inaisha.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea sauti hiyo. Vijana wengi walikuja kujaribu, wakaimba kama wako mbele ya runinga, wanapindisha pindisha, nikawashukuru na kuwarudisha nyumbani. Halafu siku moja akaja mchungaji, kijana wa watu, mtoto pekee wa mama yake, ameleta ngamia kunywa maji na wala hajui kuna filamu. Akaingia kisimani na wenzake, akaanza kuimba huku anafanya kazi yake. Nilikuwa nakula ndizi. Nikaiacha mdomoni, nywele zimenisimama.

Nilimwomba arudie akiwa chini peke yake, na kinasa sauti kikiwa kimening'inizwa kwa kamba. Akauliza kama uso wake utaonekana. Nikamwambia hapana, sauti tu. Akasema heri, maana shati lake halikuwa la kupigwa picha. Alikaa kule chini hadi upepo ukatulia na ngamia wake wakaanza kulalamika. Alipopanda nikamvisha vile vya masikioni ajisikilize. Akasikiliza kidogo, akaona aibu, akavivua na kwenda zake kwa ngamia. Siku hiyo nilirudi Isiolo nikiwa na furaha ambayo siwezi kueleza. Nilijua nimepata. Mtu anaweza kufanya kazi hii maisha yake yote na asipate dakika mbili kama zile.

Sasa wasaidizi wangu. Wa kwanza ni afisa wa shirika fulani lenye ofisi mjini, kijana mchangamfu mwenye fulana ya nembo. Alisikia kuna filamu ya kisima, akaniita. Walikuwa na skrini kubwa na spika za maana, na akaniahidi kwamba wataizungusha filamu yangu sokoni na visimani, kuanzia Garbatulla mpaka Oldonyiro, watu waione bure. Nani angekataa? Akaomba niwaachie diski yenye kila kitu, filamu iliyokamilika na sauti zote mbichi, jinsi zilivyorekodiwa, ili wachague vipande vya kutangazia. Nikampa. Uhariri nilikuwa nimeufanya Nairobi kwenye kompyuta ya kukodi, na zamu yangu ilipoisha kila kitu changu kilifutwa pale. Kadi za kamera zilikuwa zimesharudi kwenye harusi, nimerekodi mengine juu yake. Na kabla hujafungua mdomo kuniuliza kwa nini sikuweka nakala mtandaoni, njoo Isiolo, kaa na mtandao wetu, pandisha filamu nzima, halafu uniite tuongee.

Baada ya siku chache afisa akaniita tena. Ameipenda sana. Amesisimka kabisa. Ila ile sauti ya mwisho, je, haiwezi kusema kitu?

"Kusema nini?"

"Kitu kidogo tu. Kuhusu kutunza vyanzo vya maji. Sauti tayari iko, tunabadilisha maneno."

Nikamwambia aliye kule chini si afisa wa maji. Akacheka, akasema nifikirie, hakuna haraka, diski iko salama kwao. Salama! Nikaondoka, na diski ikabaki.

Msaidizi wa pili ni dijei. Kwa asiyejua banda la video la kwetu, dijei hapigi muziki. Dijei ni yule anayeongea juu ya filamu. Iwe ya Kichina, iwe ya Kihindi, ikifika bandani anarekodi sauti yake juu ya ile ya filamu, anakueleza kwa Kiswahili na Sheng nani ni nani, anamtania adui, anamshauri steringi, yule shujaa wa filamu, apite mlango wa nyuma. Huyu wetu amefanya kazi hiyo tangu nilipokuwa msichana wa kuchungulia kwenye matundu ya mabati. Siwezi kumkana, yeye ndiye aliyenifanya nipende filamu. Nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba wale Wachina hawakuwa wanagombania shamba la Meru.

Kabla sijampa afisa diski nilikuwa nimetoa nakala moja ya filamu kwenye flashi, nikampelekea dijei ajaribu kama itacheza kwenye mashine yake. Kujaribu tu. Tukakubaliana tuionyeshe Ijumaa baada ya swala. Siku hiyo banda likajaa, waigizaji wangu wamevaa vizuri, fundi cherehani amejishonea suti. Filamu ikaanza, na kabla mtu wa kwanza hajafungua mdomo nikasikia, "Haya haya haya, mambo ndio hayo wasee, leo tuko kisimani, kaa chini usisimame mbele ya mwenzako!"

Alikuwa ameitafsiri.

Filamu ya Kiswahili! Waigizaji wanaongea Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na Kiborana kidogo ambacho nusu ya banda wanakiongea nyumbani. Mzee kwenye filamu anasema, "Leta ndoo." Juu yake dijei anasema, "Hapo mzee anamwambia jamaa alete ndoo." Mzee anasema, "Jua limekuwa kali." Dijei anasema, "Mzee analia jua imekuwa kali." Nilidhani nimepatwa na wazimu. Niliangalia watu kushoto na kulia, nione nani mwingine ameshangaa. Hakuna. Walikuwa wanatafuna miraa kwa raha zao.

Halafu tukafika mwisho. Kisima. Kamera inasogea. Nikashika benchi kwa mikono yote miwili, nikasema moyoni, hapa atanyamaza, mtu yeyote mwenye masikio atanyamaza hapa. Sauti ya kijana ikaanza kupanda kutoka chini, na dijei akaingia juu yake mbio mbio: "Sikia jamaa! Jamaa amekataa kupanda! Anasema huku juu maisha ni ngumu, yeye amehamia chini kabisa, chini hakuna kodi, chini hakuna bibi wa kumuuliza umetoka wapi!" Banda zima likavunjika mbavu. Hakunyamaza mpaka mwisho.

Nikamfuata nyuma ya banda.

"Umenifanyia nini?"

"Dada, si umeona vile wameipenda?"

"Filamu ni ya Kiswahili!"

"Najua. Ndio maana haikunichosha."

"Watu wanaelewa Kiswahili, wewe!"

"Kiswahili wanaelewa," akasema, kwa upole kama anamfundisha mtoto. "Muvi ndio hawaelewi ikinyamaza. Pale mwisho hakuna mtu anaongea, dada. Wangesema mashine imeharibika, waanze kupiga mabati. Mimi nimekuokoa."

Nimekuokoa! Maneno hayo bado yanazunguka kichwani nikisonga ugali. Lakini sikumrukia. Nilijikaza, nikijiambia ile yenyewe iko kwenye diski, haijaguswa, na siku moja watu wataisikia ilivyo. Nikaenda nyumbani nikalala na kichwa kinauma.

Haikupita muda mrefu ikaja habari mbaya. Lori la mifugo lilikuwa limepinduka kwenye barabara ya Oldonyiro, na kijana wangu wa kisimani alikuwa amepanda juu pamoja na mbuzi. Alikuwa amepata kibarua cha kusindikiza mifugo sokoni. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Simu yake ilipotea pale pale, na chochote kilichokuwa ndani yake. Walimzika siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi, nami nikapata habari kaburi limeshafunikwa.

Mama yake alikuja kwangu baadaye, msiba ukiwa umetulia kidogo. Nilisikia salaam aleikum mlangoni, nikatoka, nikamkuta amesimama na mfuko wa plastiki wenye maziwa ya ngamia aliyoniletea. Nilimkaribisha, nikampa pole, nikaweka chai. Hakuigusa kwanza. Kiswahili chake ni cha sokoni, chenye Kiborana ndani yake, na aliniita intala, yaani binti.

"Nimeambiwa sauti ya mtoto yangu iko kwako," akasema.

Nikamwambia iko, mama.

"Picha niko nayo, ya kitambulisho. Sura naona hata nikifunga macho. Sauti ndio inaenda. Asubuhi naamka naitafuta, inakuja kidogo. Kesho inakuja kidogo zaidi. Nataka nisikie kabla haijaisha."

Nilimwambia asubiri hapo hapo, anywe chai, nakwenda kuileta. Nilivuka mji mzima kwa miguu, karibu kukimbia. Afisa akafurahi kuniona. Akaniuliza kama nimefikiria ule ujumbe. Nikamwambia nataka diski yangu, sasa. Akafungua droo, akanipa, na kwa vile uso wangu haukuwa mzuri akaongeza, "Tuliitumia kidogo. Kulikuwa na warsha, tukakosa nafasi ya kuweka picha. Lakini usijali, picha zote tumekuachia humo, unaweza kuzitumia kwenye kazi zako."

Nikaifungua kwenye kompyuta yake mwenyewe, mezani kwake. Ilikuwa imejaa picha za warsha. Watu wamezunguka makaratasi makubwa ya ukutani. Watu wanafungua soda. Picha ya pamoja, wote wamevaa fulana za nembo, wamesimama chini ya bango limeandikwa TUHIFADHI UTAMADUNI WETU. Simsingizii mtu, ndivyo lilivyoandikwa. Filamu yangu hakuna. Sauti mbichi hakuna. Nilimuuliza wamefuta kwa nini bila hata kunipigia simu. Akasema, "Si ulikataa kuweka ujumbe? Tukaona basi hiyo faili imefungwa."

Nilimpigia kelele mpaka mlinzi wa geti akaja, naye aliposikia kisa akarudi getini bila kunigusa. Afisa alisema pole. Alisema pole nyingi sana, kwa sauti ile wanayofundishwa. Nimemwombea mengi tangu siku hiyo na mengine hayaandikiki.

Nikakimbia kwa dijei. Nilijua anayo ile ya kwanza niliyompa kwenye flashi, kabla ya mdomo wake. Nikamweleza yote nikihema. Akapekua mashine yake, akapekua flashi zote kwenye kile kikopo chake, jasho linamtoka. Mwishowe akaketi.

"Iko ile ya kutafsiriwa tu, dada. Ile ingine nilifuta."

"Kwa nini?"

"Kila muvi nikimaliza nafuta ile ya kwanza. Sasa ile ya kunyamaza ningeweka ya nini?"

Pale pale bandani nilituma sauti ya kipande cha mwisho kwa simu, kwa fundi wa sauti ninayemjua Nairobi, nikamlilia ajaribu kutenganisha sauti mbili. Akajaribu hapo hapo. Kilichorudi kilikuwa mlio wa mtu aliyefunikwa beseni. Hapo nikajua imekwisha, na ilibidi nirudi nyumbani nikamwambie mama wa watu. Nilimweleza kila kitu, sikumficha. Nilitaka akasirike. Nilitaka tukasirike pamoja, twende tukasimame mbele ya ile ofisi wote wawili. Yeye akanywa chai yake iliyopoa mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akasema, "Twende kwa huyo mtu wa video. Nisikie kilichobaki."

Banda lilikuwa tupu mchana ule. Dijei alikuwa amefagia na kupangusa benchi la mbele kwa shati lake. Alimwamkia mama kwa heshima, shikamoo yake ikatoka ndogo, halafu akazima feni ili isipige kelele. Na hilo pia liliniudhi. Sasa ndio anajua kunyamaza?

Akaweka pale mwisho. Mama hakuangalia picha, alielekeza uso kwenye spika. Kisima kikaja, na sauti ya dijei ikajaa banda lote, jamaa amekataa kupanda, jamaa amehamia chini. Nilitamani mabati yatuangukie sote. Chini ya maneno hayo kulikuwa na kitu kinaimba, kama unamsikia mtu nyumba ya tatu, lakini hukishiki. Dijei mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta.

Ghafla mama akainua mkono. "Hapo. Rudisha."

Dijei akarudisha. Mimi sikuwa nimesikia lolote.

"Hapo!"

Mara hii nikasikia. Katikati ya mzaha wake, dijei alikuwa ameishiwa na pumzi. Alinyamaza akavuta hewa, basi, na kwenye nafasi hiyo ndogo kijana aliimba peke yake, safi, kama siku ile kisimani. Haikuwa hata wimbo. Ni kipande cha neno, muda wa kumwita mtu aliye karibu nawe. Halafu maneno yakafunika tena.

Mama akaomba irudishwe, na irudishwe tena. Kila mara, kijana akitokea, alisema jina lake taratibu, na akipotea alisubiri. Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na hasira yangu. Miaka yangu yote, safari zote za Garbatulla, mtu mzima na maisha yake, na kilichobaki ni pale ambapo dijei alishindwa kuongea na kupumua kwa pamoja.

Halafu mama akamgeukia. Nadhani alikuwa ameitambua sauti tangu ile shikamoo.

"Huyu anaongea juu ya mtoto yangu ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Unaongea haraka sana, na Kiswahili yangu ni ya soko. Hapo unasema nini?"

Dijei aliniangalia. Mtu aliyetutafsiria Wachina na Wahindi tangu utoto wetu aliniangalia mimi nimsaidie. Sikumsaidia. Nilimkazia macho.

"Nasema..." Akaangalia spika. "Nasema kijana anaimba vizuri, mama."

Mama akafikiri.

"Anaimba vizuri."

"Ndiyo, mama. Sana."

"Sasa kama anaimba vizuri," mama akamuuliza, na hakuwa anamgombeza, alikuwa anataka kujua, "mbona hukumwacha aimbe?"

Mama alimsubiri. Alimsubiri kwa adabu, kama mtu anayesubiri jibu analojua liko, mpaka akaona haliji. Ndipo akageuza uso wake kwenye spika, akakusanya shuka lake magotini.

"Basi rudisha," akamwambia. "Pale unapumua."